Johann Ludwig Krapf (1810–1881) na Ufasiri wa Neno Adimu: Kutoka Mombasa hadi Usambara

1.0 Utangulizi

Neno adimu ni mtihani wa kila mtunga kamusi. Neno linalotumika kila siku hujieleza lenyewe kwa wingi wa miktadha yake. Lakini neno linalopatikana mara moja tu, katika shairi moja, katika jina la mahali pamoja au kinywani mwa mzee mmoja, halina pa kujishikiza. Tatizo hili wanalijua sana wataalamu wa lugha zilizokufa. Bedřich Hrozný alipotangaza mwaka 1915 kwamba amepata ufunguo wa Kihiti, lugha ya kale ya Anatolia iliyohifadhiwa katika vibao vya udongo vilivyofukuliwa Boğazköy, mojawapo ya hatua zake za mwanzo ilikuwa kulitambua neno watar. Kwa sura neno hilo lilifanana na maneno yenye maana ya maji katika lugha kadhaa za Ulaya, nalo lilikaa katika sentensi iliyotaja mkate na kula. Sura ya neno ilimpa dokezo; sentensi ndiyo iliyompa haki ya kuliamini dokezo hilo. Pale alipotegemea sura peke yake, tafsiri zake nyingi zilibidi kusahihishwa na waliomfuata.

Kiswahili si lugha iliyokufa, lakini kinayo maneno ya namna hiyo. Yamo katika tenzi za kale, katika majina ya milima na miji, na katika vyeo vya watawala wa bara. Makala haya yanaeleza maisha ya mtu aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuyakabili maneno hayo kwa kalamu, Johann Ludwig Krapf. Habari za Krapf kama mmisionari na msafiri zimeandikwa mara nyingi. Kinachosisitizwa hapa ni Krapf mfasiri wa maneno: alijifunza kwa nani, alipatia wapi, alikosea wapi, na kwa nini kazi yake bado ina uzito kwa mtafiti wa leo. Hoja inayojengwa ni kwamba ubora wa Krapf haukutokana na wingi wa majibu aliyotoa, bali na tabia yake ya kuliacha neno gumu na maana zake zote alizozisikia pale ushahidi ulipokuwa haujatosha kuchagua moja.

2.0 Malezi na Miaka ya Uhabeshi

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani, katika familia ya wakulima. Tangu ujana wake alivutwa na ramani na vitabu vya safari, hasa habari za Uhabeshi. Mwaka 1827 aliingia katika chuo cha Misheni ya Basel, na baada ya masomo ya theolojia aliajiriwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Mwaka 1837 alitumwa Uhabeshi, kwanza katika nchi ya Tigre, na kuanzia mwaka 1839 katika ufalme wa Shoa.

Huko ndiko alikopata malezi yake ya kiisimu. Alijifunza Kiamhari, akakusanya miswada ya Kigeez na kuipeleka Ulaya, na akaanza kuandika lugha ya Waoromo, ambayo wakati huo haikuwa na maandishi mengi. Kwa mchango huo Chuo Kikuu cha Tübingen kilimtunuku shahada ya udaktari. Mambo mawili aliyoyapata Uhabeshi yaliathiri kazi yake yote ya baadaye. La kwanza ni mazoea ya miswada: alijua kwamba lugha ya kitabu cha kale na lugha ya sokoni si kitu kimoja. La pili ni imani yake kwamba Waoromo ndio ufunguo wa Afrika ya Mashariki yote. Imani hiyo haikuthibitika, lakini ndiyo iliyomleta pwani. Alipozuiwa kurudi Shoa mwaka 1842, aliamua kuwatafuta Waoromo kwa kupitia upande wa kusini. Hivyo alikuja katika nchi ya Waswahili akiwa njiani kwenda kwingine.

3.0 Mombasa na Walimu Wake

Krapf na mkewe Rosine walifika Unguja mwezi Januari 1844. Sayyid Said bin Sultan alimpokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi Mei mwaka huohuo walihamia Mombasa. Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na mwanachuoni Mwislamu. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 13 Julai, Rosine alifariki kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto wao mchanga alimfuata baada ya siku chache. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa mahututi. Aliendelea na kazi ya lugha mara tu alipopata nguvu, na mwaka 1847 sura tatu za tafsiri yake ya Mwanzo zilichapishwa Marekani katika jarida la jumuiya ya wataalamu wa lugha na tamaduni za Mashariki.

Uhusiano wa Krapf na walimu wake wa Mombasa unastahili kuangaliwa kwa makini. Upande mmoja, bila wanachuoni wa Kiislamu asingeandika chochote chenye thamani. Wao ndio waliomweleza tofauti ya Kimvita na Kiamu, maneno ya sheria, maneno ya bahari na maneno ya ushairi. Upande wa pili, Krapf alikuwa mmisionari aliyeuona Uislamu kuwa mpinzani, na mtazamo huo uliathiri maamuzi yake ya kitaaluma. Aliamua kukiandika Kiswahili kwa hati za Kirumi, ingawa wenyewe walikuwa wakikiandika kwa hati za Kiarabu kwa muda mrefu. Uamuzi huo uliimarishwa baadaye na tawala za kikoloni, na matokeo yake yanajulikana: vizazi vilivyosoma shuleni vilishindwa kusoma miswada ya mababu zao. Haitoshi kumsifu Krapf kwa kuhifadhi maneno bila kutaja kwamba alisaidia kufunga mlango mmoja wa kuyafikia.

Johannes Rebmann aliwasili Mombasa mwezi Juni 1846, na mwezi Agosti mwaka huo wawili hao walianzisha kituo Rabai, katika nchi ya Wamijikenda. Kuhamia Rabai kulikuwa na faida kubwa kwa utafiti wa maneno. Krapf sasa alisikia kila siku lugha iliyo jirani sana na Kiswahili lakini isiyo Kiswahili. Maneno yaliyokuwa mageni Mombasa aliyakuta yakiwa ya kawaida Rabai. Kitabu chake cha sarufi kilichochapwa Tübingen mwaka 1850 kinakieleza Kiswahili kwa kukilinganisha na lugha ya Rabai, na msamiati wake wa lugha sita uliotoka mwaka huohuo unaweka Kiswahili pamoja na lugha ya Rabai, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Kwa wakati ule, kuziweka lugha za Kibantu bega kwa bega namna hiyo kulikuwa ni hatua ya mbele.

4.0 Mwaka 1848: Safari Mbili

Mwaka 1848 ndio uliomfanya Krapf kuwa mfasiri wa majina. Mwezi Aprili Rebmann aliondoka Rabai kwenda Uchaga, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za bara. Tarehe 11 Mei Rebmann aliuona mlima wenye kilele cheupe. Alipomuuliza kiongozi wake ile nyeupe ni nini, jibu alilopata lilikuwa ni baridi tu. Mtu wa pwani hakuwa na neno mahsusi la kitu hicho kwa sababu hakikuwapo katika maisha yake. Alikitaja kwa athari yake mwilini. Rebmann alielewa mara moja. Neno la kawaida kabisa lilikuwa limepewa kazi adimu, na mazingira ndiyo yaliyoifichua maana yake.

Mwezi Julai mwaka huohuo ilikuwa zamu ya Krapf. Alisafiri kusini na magharibi, naye pia akiwa na Bwana Kheri, akapita katika nchi iliyo baina ya pwani ya Vanga na Milima ya Usambara, hadi Vuga, makao makuu ya Kimweri ye Nyumbai. Nchi hiyo ya katikati, ambamo leo umo mji mdogo wa Maramba katika Wilaya ya Mkinga, ni mahali pa pekee kwa mtafiti wa maneno. Wadigo, Wasambaa, Wabondei na Wasegeju wanaishi humo kwa kupakana, na katika maeneo ya Bwiti kuna wasemaji wa Kidaiso, lugha ambayo asili yake iko karibu na Kikamba na Kikikuyu ingawa imezungukwa na lugha za jamii nyingine. Neno moja laweza kuwa la kila siku katika kijiji kimoja na geni katika kijiji cha pili. Anayepita hapo akiwa na Kiswahili peke yake husikia majina mengi na kuelewa machache.

Mfano mzuri ni cheo cha mfalme wa Usambara, Simba Mwene. Mtu anayejua Kiswahili cha pwani huvutwa kukifasiri cheo hicho kwa neno mwenyewe, yaani simba hasa. Ufasiri huo una mantiki, lakini hautoshi. Katika lugha nyingi za Kibantu neno mwene lina maana ya mmiliki wa nchi au mtawala, na Kiswahili chenyewe kina ndugu zake: mwenye, mwinyi, na cheo cha Mwinyi Mkuu wa Unguja. Muktadha kamili ulipatikana baadaye katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy aliyeishi katika nyumba ya Kimweri, ambacho sehemu zake zilianza kuchapwa Magila mwaka 1895. Humo cheo cha simba kinafungamanishwa na hadithi ya Mbegha, mwindaji aliyekuja Usambara na kukubaliwa kuwa mtawala. Kwa hiyo maana ya cheo haimo katika kamusi wala katika mofimu peke yake. Imo katika historia ambayo Wasambaa walijisimulia kuhusu asili ya mamlaka.

Krapf alirudi Usambara mwaka 1852. Kimweri alimpokea kwa heshima katika safari zote mbili, na mazungumzo yalihusu uwezekano wa kufungua kituo cha dini. Kituo hicho hakikufunguliwa, lakini msamiati wa utawala wa Usambara aliouandika ni miongoni mwa ushahidi wa mwanzo wa maandishi kuhusu dola hiyo.

5.0 Neno Njaro

Neno lililomshughulisha Krapf na kuwashughulisha wengine wengi baada yake ni lile lililo ndani ya jina la mlima alioutembelea Rebmann. Kilima linaeleweka. Njaro halieleweki. Nje ya jina Kilimanjaro, Kiswahili hakina neno njaro lenye matumizi ya kawaida. Ni neno la mara moja, sawa na yale yanayowasumbua wasomaji wa vibao vya Anatolia.

Katika kitabu chake cha safari, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860, Krapf alitoa ufasiri wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba jina lina maana ya mlima wa ukubwa au utukufu. Wa pili ni kwamba laweza kuwa mlima wa misafara, kwa kuwa mlima huo huonekana kutoka mbali na misafara huutumia kama alama ya njia. Aliongeza kwamba Wachaga wenyewe waliuita Kibo, na kwamba Wakamba waliuita kwa jina lenye maana ya mlima wa weupe.

Ufasiri wa pili una mizizi katika lugha za jirani. Katika Kidigo, Kigiriama na lugha nyingine za Kimijikenda, neno charo lina maana ya safari. Ni neno linalosikika hadi leo katika vijiji vya upande wa Maramba, na huko Giriama limekuwa pia jina la watu. Katika lugha za Uchaga linapatikana kwa umbo la kyaro. Krapf, aliyeishi Rabai, bila shaka alilisikia mara nyingi. Hata hivyo kuna kikwazo cha kifonolojia. Ikiwa kyaro na charo yana kiambishi cha ngeli ya KI-, si rahisi kupata nj- kutokana na umbo hilo bila kueleza ghuna na king'ong'o vimetoka wapi. Krapf hakulieleza jambo hili, na kwa hakika elimu ya sauti za Kibantu ya wakati wake haikumwezesha kulieleza. Ufasiri wa kwanza, wa ukubwa, una kikwazo tofauti: hauna neno jingine la kuushuhudia.

Kuna swali pia juu ya sehemu ya kwanza ya jina. Katika Kiswahili Sanifu kilima ni mlima mdogo, na wengi wamestaajabu kwamba mlima mrefu kuliko yote Afrika umepewa jina la udogo. Mshangao huo unatokana na kulisoma jina la kale kwa sarufi ya leo. Katika Kikamba neno la mlima ni kiima na katika Kikikuyu ni kirima, na kiambishi ki- humo hakidunishi chochote. Wengine wameligawa jina kwa namna nyingine kabisa, wakianza na Kilema, ambalo ni jina la nchi ya Wachaga aliyoifikia Rebmann mwaka 1848, au na kitenzi cha Kichaga chenye maana ya kushinda, ili kupata maana ya kile kinachoshinda safari. Joseph Thomson, katika kitabu chake cha mwaka 1885, aliona weupe na mng'ao. Wasafiri wengine walisikia habari za pepo wa baridi. Wako pia waliolihusisha na neno la Kimaasai linalohusu maji.

Wingi huu wa majibu unafundisha. Kila mfasiri alipata maana aliyoitarajia kulingana na alikosimama: aliyekaa katika njia ya misafara alisikia misafara, aliyeitazama theluji alisikia weupe, aliyekaa na Wamaasai alisikia maji. Krapf hakuwa nje ya kanuni hiyo. Tofauti yake ni kwamba aliandika maana mbili bila kuifuta mojawapo, na akayaweka pembeni majina ya Wachaga na Wakamba ili msomaji aweze kupima.

6.0 Mabishano na Cooley

Thamani ya tabia hiyo inaonekana zaidi Krapf anapowekwa mbele ya mpinzani wake mkubwa, William Desborough Cooley wa London. Cooley hakuwahi kufika Afrika ya Mashariki, lakini alikuwa msomi hodari wa maandishi ya Kireno na Kiarabu, na mwaka 1845 alichapisha makala marefu ya jiografia ya ndani ya Afrika kwa kutumia pia habari za wafanyabiashara wa pwani aliokutana nao Uingereza. Kilimanjaro alikuwa amekiweka katika ramani yake kabla Rebmann hajakiona. Habari za theluji zilipofika Ulaya mwaka 1849, Cooley alizikataa. Katika kitabu chake cha mwaka 1852 aliwashutumu wamisionari kwa macho mabovu na elimu duni.

Silaha kuu ya Cooley ilikuwa neno. Aliamini kwamba mtu mwenye vitabu vya kutosha anaweza, kwa kupima majina yaliyoandikwa, kuipanga nchi asiyoiona. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten waliupanda mlima huo hadi kiasi cha mita 4,300 na kuthibitisha theluji, lakini Cooley hakukiri hadi alipofariki mwaka 1883. Kosa lake halikuwa la ujinga. Lilikuwa la utaratibu. Alitoka katika neno kwenda kwenye mlima, ilhali Rebmann na Krapf walitoka kwenye mlima kwenda katika neno.

Haki inadai kusema kwamba kundi la Rabai nalo lilifanya kosa la namna hiyo. Mwaka 1854 Jakob Erhardt, mwenzao, alikaa Tanga kwa miezi kadhaa akikusanya habari za bara kutoka kwa watu wa misafara. Walimwambia habari za nyasa na nyanza, maneno ambayo katika lugha za bara yana maana ya ziwa au maji mengi. Erhardt na Rebmann waliyachukua kama habari za maji mamoja, na katika ramani yao, iliyochapishwa kuanzia mwaka 1855, walichora ziwa moja kubwa mno mahali palipo na maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na Viktoria. Ramani hiyo ilichangia kuwaleta Burton na Speke mwaka 1857. Nomino ya kawaida ilikuwa imesomwa kama jina la pekee. Watu wa Tanga hawakusema uongo. Waliulizwa swali moja na kila mmoja alijibu kwa ziwa alilolijua.

7.0 Hati za Herekali

Krapf aliondoka Afrika ya Mashariki mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Miongoni mwa vitu alivyovipeleka Ulaya ni miswada ya tenzi za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, aliyoikabidhi mwaka 1854 kwa maktaba ya jumuiya ya Wajerumani ya taaluma za Mashariki iliyoko Halle. Muhimu kuliko yote ni Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728. Utendi huo unasimulia vita vya Mtume na Herekali, mfalme wa Rumu, ambaye milki yake ilikuwa na moyo wake katika Anatolia. Hivyo nchi ya vibao vya Kihiti imo katika ushairi wa Kiswahili tangu zamani, ingawa kwa jina jingine na kwa habari za zama nyingine.

Hata anwani ya utendi huo ni somo la ufasiri. Tambuka ni Tabuk, mahali palipo kaskazini mwa Bara Arabu. Waandishi wa kale mara nyingi hawakuonyesha king'ong'o kabla ya b, wala hati zao hazikutenganisha daima i na e, au u na o. Msomaji alilazimika kuijua lugha kabla ya kuisoma. Ndani ya utendi mna maneno mengi ya Kiamu na Kipate ambayo hata Mombasa yalikuwa yamekwisha kuwa adimu. Krapf hakuufasiri utendi huo wote, wala hakudai kuuelewa wote. Alichokifanya ni kuuhifadhi. Carl Büttner aliitumia miswada ya Halle, Carl Meinhof aliuchapisha utendi mwaka 1911 na 1912, na Jan Knappert aliufanyia tasnifu yake mwaka 1958. Kila mmoja alisahihisha usomaji wa aliyemtangulia, jambo lisilowezekana kama mswada ungepotea au kama Krapf angepeleka tafsiri yake peke yake.

8.0 Kamusi na Miaka ya Mwisho

Krapf aliishi miaka yake iliyobaki Kornthal, karibu na Stuttgart. Alirudi Afrika kwa muda mfupi: mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, na mwaka 1867 akiwa mkalimani wa jeshi la Uingereza lililokwenda Uhabeshi, safari aliyoikatiza kwa ugonjwa. Muda mwingine aliutumia kwa kamusi. Mwaka 1875 Rebmann alirejea Ujerumani baada ya miaka 29, akiwa kipofu, na akaishi karibu na Krapf hadi kifo chake mwaka 1876. Mwaka 1877 Krapf alisimamia uchapishaji wa kamusi ya Kinyasa ambayo Rebmann aliiandika Rabai kwa msaada wa Salimini, mtu aliyetekwa utumwani kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Jina la Salimini limehifadhiwa. Majina ya wengi wengine waliowafundisha wamisionari hao hayakubahatika hivyo.

Krapf alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza ilitoka London mwaka 1882, akiwa amekwisha kuzikwa. Watumiaji wa mwanzo waliilalamikia. Tahajia yake haikuwa thabiti, mpangilio wa vidahizo ulichosha, na maneno ya Kimvita yalichanganyika na ya lahaja nyingine na hata ya lugha za jirani. Mwaka 1925 H. K. Binns alitoa toleo lililopangwa upya na kufupishwa. Lakini A. C. Madan katika kamusi yake ya mwaka 1903 na Charles Sacleux katika ile ya mwaka 1939 hawakuweza kuipita kamusi ya Krapf bila kuirejea.

Sababu yake ni kwamba Krapf hakutoa maana tupu. Aliweka methali, desturi, sentensi alizozisikia, na maelezo ya vyombo, miti na taratibu za maisha. Mahali kadhaa aliweka alama ya kuuliza, au alimtaja Rebmann au Edward Steere waliposema tofauti na yeye. Mhariri anayetaka kamusi safi huona hayo kuwa uchafu. Mtafiti wa tenzi za kale huona kwamba humo ndimo muktadha ulimobaki. Neno ambalo leo halisikiki tena Mombasa linaweza kuonekana katika kamusi hiyo likiwa ndani ya sentensi ya mtu wa mwaka 1845, na sentensi hiyo inafanya kazi ileile iliyofanywa na mkate katika kibao cha Hrozný.

9.0 Hitimisho

Maisha ya Krapf yanaonyesha kwamba neno adimu halifasiriwi kwa kulitazama lenyewe tu. Hufasiriwa kwa kurudi kwa watu waliolitumia, kwa kulilinganisha na lugha za jirani, na kwa kupima kama sauti zake zinakubali asili inayopendekezwa. Krapf alikuwa na nguvu katika mambo mawili ya kwanza na udhaifu katika la tatu, na mtazamo wake wa kidini ulimfanya asiwatendee haki daima walimu wake. Pamoja na hayo, alipofika kwenye neno asiloliweza, aliandika alichosikia na kuacha nafasi kwa wengine.

Kwa upande wa utafiti, njia inayofuata iko wazi. Asili ya njaro haitapatikana kwa kubuni maana mpya kutoka katika kamusi za Kiswahili Sanifu. Inahitaji ukusanyaji wa maneno ya safari, ya milima na ya weupe katika Kichaga, Kitaita, Kikamba, Kidigo, Kisambaa na Kidaiso, na kazi hiyo yaweza kuanzia katika vijiji vya mpaka kama vile vya Maramba na Bwiti, ambako lugha hizo hukutana au hukaribiana. Lugha hizo nyingine bado zina wazee wanaozijua vizuri, lakini vijana wengi wa sehemu hizo wanahamia Kiswahili. Wataalamu wa Kihiti hawana mzee wa kumuuliza. Watafiti wa Kiswahili wanaye, na kila mwaka unaopita unawapunguzia muda wa kumuuliza.